Shutter ya 2004: mpaka sasa hivi bado nashika shika shingo

Jana usiku nimeitazama Shutter, ile filamu ya kutisha ya Thailand ya 2004 ya Banjong Pisanthanakun na Parkpoom Wongpoom, na kiukweli usingizi nimeupata alfajiri. Tun ni mpiga picha, yuko kwenye gari na mpenzi wake Jane usiku, Jane ndo anaendesha, wanamgonga dada mmoja barabarani halafu wanaondoka bila hata kushuka. Toka hapo picha anazosafisha zinatoka na michirizi myeupe kama mkanda wa kamera umeingia mwanga, ila ukikazia macho unaona sura ya mtu.

Mimi nimekulia studio ya mjomba Morogoro enzi za mikanda, picha ikitoka na doa kama lile mteja anagoma kulipa na mjomba anasema tu mkanda umeungua, basi. Kwahiyo pale Tun anapoingia chumba cha giza, taa nyekundu imewaka, mimi naijua ile hali, unasubiri karatasi kwenye dawa na hujui itakuletea nini, yaani mwili ulinisisimka hata kabla hajatokea mtu!

Halafu kuna ile ya umeme kukatika studio. Giza totoro, flashi inawaka yenyewe, pa, giza tena, pa, na kila ikiwaka yule mwanamke kasogea. Hapo niliisimamisha nikaenda kuwasha taa ya koridoni.

Ila kilichonishika zaidi ni fumbo lenyewe, kwanini huyu jamaa ndo anaandamwa wakati aliyeshika usukani ni Jane. Shingo inamuuma, anaenda hospitali, anapimwa uzito na mzani unasoma kilo ambazo hazifanani kabisa na mwili ule. Wanakupitishia haraka haraka kama kitu kidogo, wewe ikumbuke tu ukifika mwisho. Sisemi zaidi.

Tafuteni hii ya Kithai, sio ile ya Wamarekani ya 2008. Ile niliiona zamani na haikunitisha hata kidogo. Na muangalie sabtaito kabla hamjalipa, nakala niliyouziwa mara ya kwanza maneno yalikuwa yanachelewa mpaka mtu kashamaliza kuongea, nikairudisha.

Leo mchana nimempigia mjomba nikamuuliza negativu za studio ziliishia wapi. Anasema ziko kwenye boksi, chini ya kitanda nilichokuwa nalalia.