Karatasi ya silikoni kwa kovu la moto: inafaa, ila ina masharti

Ukiuliza dawa ya kovu la moto katika maduka ya dawa ya Kampala utaletewa vitu vingi: krimu, mafuta ya vitamini E, tyubu za jeli ya silikoni na, mara mojamoja, karatasi ya silikoni yenyewe, yaani kipande laini kama mpira kinachonata juu ya kovu. Kama kovu limeinuka, ni gumu na linawasha, karatasi ndiyo tunayoitanguliza. Tafiti zilizoipima si imara kama matangazo yanavyodai, lakini vitamini E ina ushahidi dhaifu zaidi, na wengine huwatoa vipele.

Karatasi haina dawa ndani yake. Inazuia maji yasipotee kupitia ngozi mpya, na ngozi ikikaa na unyevu, inadhaniwa mwili hupunguza kolajeni, protini inayolivimbisha kovu. Ndiyo maana saa za kuivaa ni muhimu kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi.

Kidonda kiwe kimefunga kabisa: pasiwe na majimaji, gaga wala lengelenge. Ukibandika mapema, unyevu unaofungiwa chini utailowesha ngozi mpaka ichubuke upya. Karatasi ya Cica-Care, kwa mfano, hupatikana kwa kipande cha sentimita 12 kwa 15. Kikate kwa mkasi, kipite ukingo wa kovu kwa sentimita moja kila upande. Siku mbili za kwanza kivaliwe kwa muda wa saa 4, siku mbili zinazofuata saa 8, kisha ongeza saa 2 kila siku hadi kivaliwe karibu mchana na usiku. Kioshe pamoja na kovu mara mbili kwa siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, suuza, kianike juu ya sahani safi. Usikifute kwa taulo, maana nyuzi hunasa na kikaacha kushika. Kipande hudumu wiki 2 hadi 4, na matibabu yanataka angalau miezi mitatu, kwa hiyo weka bajeti ya vipande 3 hadi 6. Anayenunua kimoja tu apoteza pesa zake.

Kasoro yake kubwa kwetu ni jasho. Katika joto la Gulu au Lira upele huanza haraka, na wengi huacha hapo. Dawa yake ni kuivua saa za joto kali, kuosha ngozi na kuikausha vizuri, kisha kuivaa jioni mpaka asubuhi. Ikishuka chini ya saa 12 kwa siku, usitegemee mengi. Usoni na shingoni, ambako haishiki vizuri, jeli inafaa zaidi: paka utando mwembamba mara mbili kwa siku, ukauke dakika 4 au 5. Ukibaki unateleza, umezidisha, futa. Lakini tyubu ya gramu 15 inatosha kovu jembamba, si kovu la uji wa moto lililotapakaa mkono mzima.

Mafuta ya shea, yanayoitwa “moo yao” huko Lango na Acholi, hayachukui nafasi ya silikoni. Kwa kukanda, hata hivyo, tunayapenda sana: dakika 5 hadi 10, mara tatu kwa siku, kidole kikibonyeza hadi ngozi isogee pamoja nacho badala ya kidole kuteleza juu yake. Baada ya hapo osha mafuta yote kwa sabuni. Karatasi nyingi zinazosemwa kuwa feki zimebandikwa tu juu ya mafuta. Kwa mtoto mdogo, funga bandeji nyepesi juu ya karatasi, kwani akiibandua ataitafuna na inaweza kumkaba.

Rangi ya ngozi haitarudishwa na silikoni. Tafadhali usijaribu kuirudisha kwa krimu za kujichubua. Zenye zebaki ni sumu, na zenye steroidi huidhoofisha ngozi ambayo tayari ni dhaifu. Funika kovu lisipigwe na jua, au paka krimu ya kinga ya jua ya SPF 30 na zaidi.

Kovu likitambaa nje ya mipaka ya jeraha la awali, hiyo ni keloidi, na mara nyingi huhitaji sindano za steroidi za daktari. Shingo ikianza kuvutwa kuelekea kifuani, au kiwiko kikakataa kunyooka, usingoje miezi mitatu ya karatasi iishe: nenda hospitali ya Kiruddu jijini Kampala, au hospitali ya CoRSU kule Kisubi, wakati mazoezi na banzi za kunyooshea bado zinaweza kusaidia.