Mwaka mmoja na mtumba wa Japani wa kikapu hapa Dar: je inafaa?

Wanaoniuliza kila siku dada iyo baiskeli umeitoa wapi, shingapi, inafaa kweli, naandika hapa mara moja nipumzike. Ni mtumba wa Japani, ile ya kikapu mbele, bomba limeinama chini katikati ili upande bila kurusha mguu. Yangu ni ya bluu iliyopauka. Nlinunua 180,000, jamaa alianza na 250,000 tukabishana mpaka jua likahama upande, afu siku hiyohiyo nikaacha kama 40,000 nyingine kwa fundi. Kwahiyo ukienda na laki na themanini kamili mfukoni ujue unarudi unaikokota.

Wenyewe Wajapani wanaiita mamachari, mama ni mama hivohivo kama sisi na chari ni neno lao la mtaani la baiskeli. Kwao ndo ya kwendea sokoni, kupeleka mtoto chekechea, kuwahi treni. Na nyingi zinatelekezwa hukohuko nje ya stesheni, manispaa inazizoa, baadhi ndo zinaishia kwenye makontena. Yangu bado ina kile kistika cha usajili kwenye bomba, maandishi yao na namba, maana kule sheria inataka kila baiskeli isajiliwe. Mtoto wa dada angu anaamini mpaka leo ni namba ya simu ya mwenye mali na siku moja atapiga. Lile kufuli la duara la nyuma linalozuia gurudumu lisizunguke lilikuja limekatwa, ndo utakavyozikuta nyingi, funguo zimebaki na waliozitupa.

Sasa sifa zake. Mimi nafanya kazi Posta katikati ya mji, nakaa Magomeni, navaa magauni marefu na Ijumaa baibui. Baiskeli ya bomba la juu kwangu haiwezekani, nlishajaribu ya kaka yangu nikaishia kuchekwa na mtaa mzima. Hii unaingia kama unavyoingia kwenye bajaji. Cheni imefunikwa yote kwa kava, mwaka mzima sijapata doa hata moja la grisi kwenye nguo, na madigadi ni marefu mpaka chini kwahiyo tope la bonde la Jangwani linabaki kwenye baiskeli sio mgongoni kwako. Taa ya mbele inapata umeme kwenye haba, yani kile kitovu cha gurudumu la mbele, inawaka yenyewe giza likiingia, hakuna cha betri wala kuchaji, sijaigusa tangu ninunue. Kikapu kinabeba mkoba, viatu vya ofisini, na jioni nyanya na tembele. Stendi yake ya miguu miwili usiichukulie poa, unaisimamisha unapakia mzigo haianguki, wakati zile za stendi ya pembeni ukiweka tikiti maji tu mnalala wote.

Na upepo popote unajazwa, hili watu hawalifikirii. Valvu yake ni ileile ya baiskeli za Phoenix, zile za Kichina za bomba la juu, yenye kampira kadogo ndani, fundi yeyote chini ya mwembe anayo. Kampira kanachoka na joto letu, ukiona tairi linapungua kila asubuhi usikimbilie kuziba pancha, badilisha hako kwanza, ni hela ya andazi.

Matatizo sasa. Breki ya nyuma. Jamani hii breki. Ni ya mkanda, iko ndani ya kifuniko cha chuma kwenye gurudumu, na ikizeeka inapiga kelele mpaka watu wanageuka kutafuta nguruwe katokea wapi. Fundi kapaka, kafuta, kasugua na msasa, inanyamaza wiki afu inarudi. Mimi nshazoea, hata kengele siitumii sana, nikishika breki Manzese wote wanapisha.

La pili ni tairi na hapa naomba msome vizuri maana mimi nlipoteza 25,000. Pembeni imeandikwa 26, nikaenda dukani nikasema nipe 26, nikapewa 26, fundi kahangaika nayo nusu saa haivai. Kumbe 26 ya milima na 26 ya hizi ni vitu viwili. Yangu ni 26 x 1 3/8, rimu yake ni kubwa zaidi, kipenyo milimita 590, ile ya milima ni 559, na ya Phoenix ndo kabisaa ni 28. Ukinunua soma ule mstari wote wa namba, usisome 26 ukaishia hapo. Muuza duka alikataa kurudisha hela, akaniambia bibie tairi ikishashikwa na fundi si mpya tena. Haya. Ninayo ndani mpaka leo, paka analalia. Na tairi sahihi hazipatikani ovyo, unategemea mtumba mwenzake uvuliwe.

Kubadili tairi la nyuma nako ni shughuli, ufungue stendi, keria, breki, kava la cheni, fundi wangu akiniona naikokota anaanza kabisa kuguna. Pancha ya kawaida anavuta tyubu pembeni bila kutoa gurudumu, dakika kumi, ila tairi zima tenga asubuhi yako.

Na uzito. Nlipima kwenye mzani wa muuza chuma chakavu, kilo 19 bila kikapu kujaa. Kwenye lami tambarare huuhisi kabisa, ikishika mwendo inajiendea kama jahazi lenye upepo. Uzito unaujua pale njia inapoisha ghafla.

Maana huwezi kuzungumzia baiskeli hii ukaacha njia inapopita. Barabara ya Morogoro ilipojengewa mwendokasi, kilomita kama 21 ukihesabu na matawi ya Morocco na Gerezani, mabasi yakaanza 2016, pembeni waliweka na njia ya baiskeli. Jiji likapata mpaka tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018, la kwanza Afrika. Na kweli kipande changu cha asubuhi saa kumi na mbili na nusu ni raha tupu, Mapipa mpaka Jangwani naserereka daladala zimejipanga zinaniangalia. Tatizo ni saa moja na nusu. Hapo njia ya baiskeli ni ya bodaboda, ya mama wa vitumbua, ya meza ya vocha, ya gari lililosimama dakika moja tu dada, na kwenye makutano unakuta ukingo umesimama kama kitanda cha hospitali, hakuna mteremko, unashuka unanyanyua kilo 19 na nyanya zako unavuka unanyanyua tena. Vifuniko vya mitaro vingine havipo, sijui vimekuwa nondo za nani. Mvua ikinyesha Jangwani ndo usiseme, unarudi nyumbani unapanda kitandani.

Hivo ndo nlivyoingia kwenye mambo ya kundi la waendesha baiskeli. Nlikua nimekaa kwa fundi nasubiri tairi lingine la kubahatisha, wakaja vijana wanne na nguo zile za kubana, kofia ngumu, baiskeli nyepesi mtu anaibeba kwa vidole viwili, mmoja akaniangalia akasema shangazi hiyo mashine unatoka nayo wapi na wapi? Nikamwambia Magomeni Posta, kila siku. Wakakaa kimya. Akauliza kila siku kabisa? Kumbe wao wanaendesha Jumapili tu, kazini wanaenda na gari. Wakanialika.

Jumapili yangu ya kwanza tulienda Kigamboni, Kivukoni hapo unaingia na baiskeli kwenye pantoni, unasimama katikati ya watu na kuku na ndoo, upepo wa bahari, upande wa pili lami inafunguka. Nliachwa sana. Sifichi. Waliniachia mzee mmoja wa kundi awe nyuma na mimi, nikampa shikamoo yake tukaenda taratibu ananihadithia alivyokua na baiskeli ya Swala ujanani, zile zilizotengenezwa hapahapa nchini, na alivyopeleka posa nayo. Tulipofika mbele tukawakuta wote wamekaa chini ya mnazi, yule aliyeniita shangazi kapita juu ya chupa, tairi lake jembamba limechanika, na tyubu ya akiba kashaimaliza. Fundi wa pale kijijini anaizunguka ile baiskeli anaogopa hata kuigusa, anauliza hii ya bei gani mzee nisije nikauza shamba. Mwisho akakata kipande cha tairi kuukuu la Phoenix akakiweka kwa ndani kama kiraka, wakajaza upepo nusu, kijana karudi na tairi lina nundu linagonga tap tap tap mpaka pantoni. Mimi na kikapu changu cha mihogo tukampita. Nlimpungia mkono wa kistaarabu.

Tangu hapo wananiheshimu, hawaniiti tena shangazi wananiita mama kikapu.

Ila tuligombana kweli siku ya kuandika barua. Kundi lilitaka kupeleka maombi ofisi moja, na rasimu ya kwanza ilikua inadai barabara ya Bagamoyo ifungwe Jumapili asubuhi watu wafanye mazoezi. Nikauliza na Jumatatu? Mtu mwenye baiskeli ya kilo 8 akikuta ukingo anaruka tu anaendelea, hata hauoni. Mimi nauona. Yule baba wa mayai mwenye trei kumi na tano kwenye keria anauona zaidi, akiruka yeye ni kimanda mpaka Ilala. Wa guta, wa mkaa anayeshuka Pugu usiku na magunia, kijana wa askrimu, hao ndo waendesha baiskeli wa jiji hili na hakuna hata mmoja kwenye kundi letu la simu. Kulikua na maneno, mmoja akasema mama kikapu analeta siasa. Mzee wa Swala ndo akamaliza, akasema andikeni ya mteremko kwanza, mazoezi mtafanya hata kwa kukimbia.

Barua ikaenda na vitu vitatu, miteremko kwenye makutano, vifuniko vya mitaro, na nguzo za kuzuia pikipiki. Tukaambatanisha picha 31 tulizopiga kuanzia Kimara mpaka Faya, nusu nlipiga mimi nikienda kazini. Tukapigwa njoo kesho, njoo wiki ijayo, mhusika kasafiri. Si jambo geni, UWABA, ule Umoja wa Waendesha Baiskeli Dar es Salaam, walianza kudai njia salama na kufanya misafara barabarani kabla mimi sijajua hata friwili ni nini, na wanachama wao ni haohao wa kubeba mizigo. Sisi tumechelewa tu kuamka.

Miezi miwili baadae hatujajibiwa, tukafanya kamsafara ketu, kadogo, watu kama 40. Safari hii tulizunguka kwanza kwa mafundi kuwaalika wateja wao. Wakaja wa guta watatu, baba wa mayai alikuja bila mayai. Tukaenda mwendo wangu mimi, nguo za kubana wakawa nyuma wanakanyaga breki, aisee nlifurahi vibaya. Trafiki mmoja Magomeni akasimamisha magari bila hata kuombwa. Na mwezi uliopita nimekuta makutano mawili kati ya tuliyopiga picha wamemwaga zege la mteremko, baya, limepinda, moja lina alama ya ndala ya mtu, lakini gurudumu linapita. Sijui kama ni sisi au ni bahati, napita pale kila asubuhi naangalia ile ndala.

Turudi kwenye baiskeli. Nani anunue? Kama njia yako ni tambarare, chini ya kilomita kumi, unavaa nguo ya kawaida na unabeba vitu, nunua, wala usifikirie. Kama unakaa Goba au Makongo Juu kwenye ile milima, tafuta ya gia tatu ambazo ziko ndani ya haba, zipo, ila bei iko juu kuliko yangu, ya gia moja kama yangu itakutoa roho. Mwenye mtoto mdogo angalia zile zenye siti ya mtoto nyuma, ila kagua mikanda, jua limeshailamba. Wakati wa kununua zungusha krenki, ile mikono ya pedali, usikilize gololi, shika gurudumu ulitikise pembeni kama linacheza, tazama kutu chini ya kikapu na kwenye uma wa mbele maana nyingine zimekaa kwenye kontena na maji ya chumvi, na rangi isikudanganye, wanapuliza juu ya kutu. Breki ya nyuma ijaribu palepale. Lazima italia. Zote zinalia, unachagua tu sauti.

Mimi naipa nane juu ya kumi, moja nimekata kwa breki na moja kwa tairi. Hilo la kubahatisha la nyuma sasa hivi limeanza kuonesha nyuzi, kwahiyo mwenye 26 x 1 3/8, narudia, moja na tatu juu ya nane, nzima, aniambie. Ninayo ya milima mpya kabisa tunaweza kubadilishana, ina manyoya ya paka kidogo.