Fundi aliyefuta namba ya askari kwenye kamera yangu

Si kawaida yangu kuandika malalamiko kuhusu kazi ya mtu, lakini niliyotendewa na fundi mmoja wa kamera pale Mwanjelwa, Mbeya, yamenikaa kooni tangu masika. Nilimpelekea Vest Pocket Kodak, ile kamera ndogo ya kukunja ambayo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilitangazwa kuwa kamera ya askari, na ambayo wengi waliendelea kuificha mfukoni hata baada ya jeshi la Uingereza kupiga marufuku kamera binafsi. Niliinunua kwa familia moja ya Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg na ambao vikosi vya Jenerali Northey wa Uingereza viliuteka mwaka 1916.

Kilichonipeleka kwa fundi ni mvukuto wa ngozi, ule mkunjo unaotanuka kati ya lenzi na mwili wa kamera, uliotoboka kwenye kona na kuingiza mwanga. Nilimwambia, tena mara mbili, kwamba bati la nje lisiguswe. Mgongoni, karibu na kile kidirisha ambacho mpigapicha alikifungua ili aandike maneno mafupi kwenye filamu kwa kikalamu cha chuma, palikuwa na herufi mbili na namba ya tarakimu tano, zilizokwaruzwa kwa kitu chenye ncha kali. Kamera za aina hii ziliuzwa zaidi ya milioni moja kati ya 1912 na 1926, kwa hiyo thamani ya yangu ilikuwa katika mikwaruzo ile. Nakala za kadi za medali za wanajeshi wa Uingereza wa vita ile zimehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa za Uingereza huko Kew, London, zikiwa na majina na namba zao, na nilikuwa nimekusudia kumtafuta mwenye kamera humo.

Nilipoifuata niliikuta inang'aa. Alikuwa ameipiga msasa pande zote kisha akaipulizia rangi nyeusi. Nilipomuuliza namba imekwenda wapi, hakuinua hata macho. "Mzee wangu, mikwaruzo nimekutolea bure, na bado unalalamika?" Vijana waliokaa kwenye benchi wakacheka, nami nikalipa bila kusema neno kwa sababu nilihisi machozi yakinilenga.

Usiku huo nilizima taa, nikaingiza tochi ndani ya mvukuto, na sikuona hata tundu moja. Kifungio cha mwanga, ambacho kwenye kasi za 25 na 50, yaani sehemu moja ya 25 na ya 50 ya sekunde, kilikuwa kikisuasua, sasa kinafunguka na kufunga kwa mlio mmoja safi, na hilo sikumwomba wala hakunitoza. Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia msimpelekee hata saa ya ukutani. Sasa naona hiyo ingekuwa dhuluma, kwa maana kuanzia Iringa hadi Tunduma sijakutana na mwingine anayeweza kuziba ngozi ya miaka mia moja bila kuikakamaza. Mpelekeeni, basi, lakini pigeni picha kila upande wa kamera kabla haijatoka mikononi mwenu, na msiondoke kwenye lile benchi mpaka amalize.

Hata hivyo sijamsamehe. Kila ninapoishika, kidole gumba kinakwenda chenyewe mgongoni na kukuta rangi laini. Herufi zote mbili ninazikumbuka. Katika tarakimu tano ninakumbuka tatu.