Nyasi bandia au ukoka katika uwanja wa shule Dodoma

Halmashauri inayofikiria kuweka nyasi bandia katika uwanja wa shule zake ina sababu ya msingi: Dodoma hupata takriban milimita 600 tu za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na kiangazi hugeuza ukoka usiomwagiliwa kuwa vumbi tupu. Nyasi bandia, kama zile za Kaitaba mjini Bukoba na Nyamagana jijini Mwanza, hustahimili mechi kadhaa kwa siku.

Hata hivyo, jua la saa saba mchana huweza kuzipasha hadi kupita nyuzi joto 60, na mtoto anayecheza peku, kama wengi wetu tulivyocheza, ataungua nyayo. Aidha, baada ya miaka 8 hadi 10 kapeti lote hung'olewa na kununuliwa jipya, ilhali ukoka uliochakaa golini hupandwa upya kwa jembe, vipandikizi na ndoo chache za maji, kisha huachwa wiki kadhaa ushike. Kwa maoni yangu, fedha hizo zichimbe kwanza kisima kitakachomwagilia uwanja na kuwanywesha wanafunzi.