Chokaa Isiyozimwa ya Tanuu, Lamu: Haiwaki, Lakini Yaunguza

Donge likiwa jepesi mkononi kuliko jiwe la matumbawe la ukubwa huohuo, limeiva. Kilo 100 za jiwe safi zikichomwa sawasawa hubaki kilo 56. Zilizosalia huenda na hewa ya kabonidayoksaidi. Mzigo huu, kwa sehemu kubwa, umeiva. Madonge machache yana kiini cha kijivu, na tone la ndimu hutoa povu pale: moto wa nyuzi 900 haukufika ndani. Yaliyoungua kupita kiasi ni mabaya zaidi. Hayazimiki upesi yakitiwa maji, hungoja mpaka yako ukutani, ndipo yavimbe na kuitoboa lipu.

Muuzaji husema "hii haishiki moto", wala hadanganyi. Oksidi ya kalisi, ndiyo chokaa hii isiyozimwa, imekwisha kuungana na oksijeni, haina tena cha kuwaka, na huyeyuka kwenye nyuzi 2,600 hivi, joto lisilofikiwa na tanuu lolote la kuni. Ila hamalizii maneno. Gunia likidondokewa na maji kidogo chini ya makuti yanayovuja, joto hupanda kupita nyuzi 100 kwa mbali, na kinachowaka ni gunia, makuti na boriti. Likianza kufuka moshi, usilimwagie ndoo ya maji: lifukie kwa mchanga mkavu. Mashuani, liinue mbali na maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya chombo. Juu ya punda, tandika turubai, maana jasho la mgongo latosha kumbabua.

Kuzima ni ndani ya pipa la chuma. Ndoo ya plastiki hulegea. Tangulia maji, lita 25 hadi 30 kwa kilo 10, kisha tia donge mojamoja ukikoroga kwa mti mrefu. Ukianza na chokaa ukamwagia maji, uji unaochemka hurukia uso. Vaa miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 bila kukoma, halafu hospitali. Chekecha, funika kwa maji, iache wiki mbili; mwezi ni bora.

Kwa lipu ya nyumba za mji wa kale, inunuliwe: saruji hufungia unyevu ndani ya kuta za matumbawe. Kwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta wa kupaka vyombo vya baharini, ichujwe kwanza kwa kitambaa. Lawama yetu ni gunia lisilo na nailoni ndani: chokaa ya mdomoni mwa gunia ilishakuwa unga kwa unyevu wa pwani, na imepimwa kwa bei ya madonge.