Mtiki wa Muheza ndani ya boti ya tanga: uzoefu wangu

Boti yangu ni ya fibaglasi, futi 22, iliundwa Uingereza miaka ya 1970 na sasa inakaa Tanga. Ganda ni zima. Kilichochakaa ni mbao za ndani: kingo za rafu zinazozuia vyombo visidondoke boti inapolalia upande, fremu za makabati, na mkono wa kushikia kando ya ngazi. Zote awali zilikuwa mtiki, na nyingi bado ni nzima, kwa hiyo mpya ilibidi ziendane na za zamani.

Nilifungua fremu moja, nikaupiga msasa upande wa nyuma mpaka mbao halisi ikatokeza, nikatembea nayo kwa wauza mbao. Usilinganishe na upande wa mbele, vanishi ya miaka mingi imeshageuka manjano na itakudanganya. Kila ubao ulionivutia niliomba upigwe randa kidogo, kisha nikaupangusa kwa kitambaa chenye spiriti. Ukiwa umelowa hivyo, unakuonyesha karibu ile rangi itakayokuja ukishapaka vanishi.

Mkangazi unarandika vizuri sana, ila ni mwekundu, na ukiuweka kando ya mtiki tofauti unaiona kutoka mlangoni. Mvule wengine wanauuza kwa sifa ya kuwa ndio mtiki wa Afrika. Ni mbao imara, hauozi ovyo, lakini nyuzi zake zimepishana, na kwenye ukingo mwembamba wa sentimita mbili randa inanyofoa vipande. Mninga ndio mzuri kuliko wote kwa macho yangu, tena haujikunji hovyo hewa ikibadilika. Kama ningekuwa naanza chumba kizima upya, ningechukua mninga bila kufikiri mara mbili. Michirizi yake ya wekundu tu ndiyo iliyonizuia.

Nikaishia kwenye mtiki wa shamba la Longuza, hapo Muheza. Duka la kwanza lilitaka nichukue mbao kama zilivyopangwa, na nyingi zilikuwa na upande mweupe, ile sehemu ya nje ya mti. Niliondoka. Weupe ule haukai na rangi ya kiini hata ukiupaka nini, na unyevu wa boti unauozesha mapema. Duka la pili waliniacha nigeuze ubao mmoja mmoja, nikapata mpana wa kiini kitupu, unaotosha kingo zote. Hilo nalisisitiza: vipande vinavyoonekana pamoja vitoke ubao mmoja.

Ukitoka kwenye randa, mtiki huu unatisha kidogo. Una madoa na michirizi ya kijanikijani, na fundi wangu aliniuliza, "Kaka, una hakika ndio wenyewe?" Tuliuacha kwenye mwanga kwa wiki kadhaa, rangi ikatulia na kuwa kahawia ya asali. Bado ni mweupe kidogo kuliko ule wa zamani, maana miti ya shamba huvunwa ingali michanga. Baada ya vanishi isiyong'aa sana, lazima uelekezwe ndipo uone kiungo kilipo.

Kazi yenyewe ina masharti. Mtiki una chembechembe za silika zinazomaliza makali ya randa, kwa hiyo jiwe la kunolea liwe karibu. Una mafuta pia: pangusa sehemu ya kuunganisha kwa asetoni, ikikauka tu paka gundi ya epoksi, usiiache mpaka kesho. Na vumbi lake linawasha, vaa barakoa.

Kama ubao wako ni wa inchi mbili, upasue kwanza, kisha vipande uvipange kivulini na vijiti katikati kabla ya kuvipiga randa ya mwisho. Vyangu viwili vilipinda baada ya kupasuliwa. Kwa kuwa vilikuwa bado vinene, fundi alivinyoosha kwa randa, na ndivyo vilivyokuwa fremu ya kabati la jikoni.