Ziara ya ngome za Bagamoyo: uzoefu wangu

Kama unafikiria kulipia matembezi ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, lipia, hutajuta. Ila mwambie muongozaji mapema kwamba unataka kufika Dunda, ile ngome ndogo ya Wajerumani. Ratiba tuliyopewa sisi ilikuwa inaishia soko la samaki, Dunda tukaiomba wenyewe.

Ngome Kongwe imepita mikono mingi. Ilianza kama nyumba ya mfanyabiashara Mwarabu mnamo 1860 hivi, Sultani Barghash akaiimarisha, Mjerumani akaigeuza kambi ya jeshi, halafu ikawa gereza na kituo cha polisi. Boma la Mjerumani la 1897 tulilipitia haraka.

Dunda ndipo penye uhondo. Ni kingome kidogo cha mviringo, cha 1889. Ukiusogelea ukuta unayaona matumbawe yenyewe, vitobo tele kama sega la nyuki, yameshikwa kwa chokaa. Juu kuna matundu membamba ya kupitishia mitutu ya bunduki. Mlango nao uko juu, mtu hafiki bila ngazi, na ngazi waliweza kuiondoa. Hapo unaelewa jinsi Wajerumani walivyokuwa na hofu! Mwaka 1888 kampuni yao ilikodishiwa pwani na Sultani wa Zanzibar, na mwaka huohuo watu wa pwani wakainuka, Abushiri bin Salim akiwa mbele. Ndipo afisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann akaletwa na askari wa kukodi kutoka Sudan na Msumbiji, akajenga hiki kingome.

Kilichonikera ni kimoja. Kijana aliyetutembeza anazijua tarehe zote za Wajerumani, lakini boma la Abushiri hakuligusa mpaka nilipomuuliza. Abushiri naye alijenga ngome jamani, boma la miti nje kidogo ya mji, na Wissmann alilishambulia Mei 8, 1889. Desemba ya mwaka huo wakamnyonga Abushiri kule Pangani. Miti imeoza, mawe yamebaki, kwa hiyo mgeni anaondoka akidhani waliojilinda hapa ni wakoloni peke yao. Hata kibao kimoja tu kingetosha, na watoto wa shule wanaoletwa pale wangekisoma.

Natoa nyota nne kati ya tano. Nendeni asubuhi kabla jua halijakolea, chukueni bodaboda hadi Dunda, na habari za boma la Abushiri ziulizeni hata kama muongozaji ana haraka.